Kumuuguza mke wangu: saratani ya mapafu hatua ya nne

Kikohozi cha mke wangu kilianza kama cha watu wote. Akapewa antibayotiki, hakikuisha. Makohozi yakapimwa kifua kikuu, hakikuonekana, ila picha ya kifua ilikuwa na doa na mwenyewe alikuwa anakonda, basi akaanzishiwa dozi ya TB. Mtu akikohoa na kukonda huku kwetu, TB ndiyo hufikiriwa kwanza. Alipokuja kupigwa kipimo cha CT, picha ya ndani ya mwili, na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya pafu kikapimwe, saratani ilikuwa imetoka pafu la kulia na kufika kwenye uti wa mgongo, yaani hatua ya nne. Hajawahi kugusa sigara maishani mwake.

Daktari wa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, alitukalisha wote wawili. Akatwambia tiba ipo, lakini ni ya kuubana ugonjwa na kumpa nafuu, haitaumaliza. Tulipotoka mke wangu akaniambia, "Baba watoto, majibu yangu niyasikie mimi kwanza, ndugu baadaye." Kwenye familia zetu mgonjwa mara nyingi ndiye wa mwisho kuambiwa, kwa hiyo ilibidi nisimame imara. Shangazi walinuna, nikawaacha wanune.

Alipangiwa dripu za kaboplatini na paklitakseli, dawa za kuua seli za saratani, kila baada ya wiki tatu, na kila mara damu inapimwa kwanza. Siku ya dripu yenyewe alikuwa anarudi nyumbani anaongea vizuri tu. Kazi huanza siku mbili tatu baadaye: viungo vinauma, chakula hakipandi. Hatari kubwa inakuja karibu na wiki ya pili, chembe nyeupe za damu zinaposhuka. Manesi walinisisitizia kwamba homa ikifika 38 usimpe Panadol ukasubiri kuche, ni hospitali saa hiyohiyo. Nilinunua kipimajoto, na dereva wa bajaji wa mtaani nikaongea naye mapema. Usiku ilipopanda kweli, tuliondoka bila kubishana.

Kilichotutesa kuliko vyote ni maumivu ya mgongo. Usiku alikuwa anakaa kitandani ameubana mgongo ukutani, hataki kuguswa. Tukapelekwa kwa watu wa tiba shufaa, wanaotuliza maumivu na mateso ya mgonjwa, wakampa morfini ya maji. Mama mkwe alipoiona ile chupa alilia, maana kwa wengi morfini ni dawa ya anayeagwa. Nilimwomba nesi aongee naye kwa simu, akamweleza taratibu kuwa inatolewa kwa sababu ya maumivu, na kwamba mtu anaweza kuitumia huku anaendelea na matibabu. Mimi ndiye niliyekuwa nampimia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya saa nne, na ya kulalia aliandikiwa dozi maradufu kwa mpigo mmoja ili asiamshwe usiku. Dawa ya kulainisha choo alianza siku hiyohiyo. Wanaouguza wasiipuuze hii, kwa sababu morfini hufunga choo vibaya sana. Usiku wa kwanza alilala hadi adhana ya alfajiri, nami nikakaa macho namsikiliza anavyohema.

Pumzi nayo ilikuwa shida. Maji yalijaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, wakamwekea mpira yakatoka. Nyumbani tulijifunza namna ya kukaa: kiti, meza mbele yake, mto juu ya meza, ainame ameegemeza mikono, halafu atoe pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto. Feni ndogo ikielekezwa usoni inasaidia kuliko nilivyotegemea. Umeme ukikatika nampepea kwa kipepeo cha ukindu.

Wageni walikuja kwa upendo, nalijua hilo. Lakini walikuja na mizizi, na asali yenye vitu, na swali lile, "Kwani alikuwa anavuta?" Mizizi niliipokea kwa heshima, nikaiweka kabatini bila kumpa, kwa sababu daktari alikataa kuichanganya na dripu. Shemeji yangu akapanga viti barazani, wanaoingia ndani wakawa mmoja mmoja. Aliyeniuliza asaidie nini nilimjibu wazi: nauli ya hospitali, au samaki wa kuchemsha.

Mzunguko wa dripu umekwisha. CT ya mwisho imeonyesha uvimbe wa pafuni umepungua, wa mgongoni uko vilevile, na sasa yuko kwenye mapumziko akiendelea kufuatiliwa. Vidole vyake vimebaki na ganzi, vifungo vya gauni namfunga mimi. Amewaambia kaka zake kuwa ugonjwa ukiamka tena, kurudi kwenye dripu au kutorudi ataamua mwenyewe. Wao hawajaridhika. Mimi nimekubali, na kliniki inayofuata tutamwomba daktari aliandike kwenye faili lake.