Mbwa Hutembea kwa Vidole

Mpwa wangu ameingiwa na wazimu wa kuchora. Wiki hii ni mbwa tu, na jana alinikabidhi karatasi akaniuliza, "Mjomba, mbona huyu wangu hafanani na mbwa?" Nikaitazama. Alichonipa kilikuwa meza yenye masikio: mgongo umenyooka, miguu minne imeshuka wima, kichwa kimebandikwa upande mmoja. Lakini manyoya! Alikuwa amechora unywele mmoja mmoja kuanzia shingoni hadi mkiani. Kazi ya subira kwelikweli, ila chini yake hapakuwa na mifupa.

Tangu jana najiuliza kwa nini wanaoanza karibu wote hukimbilia manyoya na macho. Nadhani ni kwa sababu hayo ndiyo tunayoyapenda kwa mbwa. Hakuna anayempenda mbwa kwa ajili ya kisigino chake. Na bado, kwa maoni yangu, mchoro wa mbwa unaharibikia miguuni, hasa ya nyuma, na ukiitengeneza hiyo utasamehewa mengi.

"Goti lake liko wapi?" nikamwuliza. Akaonyesha ile pembe ya mguu wa nyuma inayochomoza kuelekea mkiani. Wengi huonyesha hapohapo, na hapo si goti, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu zaidi, kwa mbele, karibu na tumbo, na linakunjika kwa upande uleule linakokunjika letu. Mbwa akisimama au akitembea hakanyagi kwa wayo mzima, anakanyaga kwa vidole na kisigino kinabaki juu. Nikamwambia asimame kwa ncha za vidole, akunje magoti, ainame mpaka viganja viguse sakafu. Alicheka, akayumba, akashika ukuta, kisha akasema, "Aaa, kumbe!" Maneno yangu yote ya kabla ya hapo yalikuwa ya bure.

Miguu ya mbele ina siri zake. Kiwiko hukaa karibu na usawa wa chini wa kifua, na kwa mbwa wengi hapo ni kama nusu ya njia kutoka begani hadi ardhini (Dachshund, yule mbwa mrefu wa miguu mifupi, atakukatalia, lakini yeye hukataa kila kanuni). Kile kinachodhaniwa kuwa goti la mbele ni kifundo cha mkono. Tena mbwa hana mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua, ulio kamili kama wetu. Kombe la bega limeshikwa ubavuni kwa misuli tu, ndiyo maana bega zima husogea anapopiga hatua. Kwa hiyo mguu wa mbele uanze kuchorwa juu, karibu na mgongo, usichipuke tu kutoka tumboni.

Ule mchoro wa kwanza sikumruhusu aufute. Tulichukua karatasi nyingine tukauweka pembeni. Yai kubwa la kifua, dogo la nyonga, duara la kichwa, halafu mistari myepesi ya miguu yenye alama ndogo kila kiungo kinapokunjika. Penseli ya HB, yaani ya ugumu wa kati, imeshikwa mbali na ncha ili mkono usikandamize. 2B na 4B, zilizo laini na nyeusi zaidi, zikae kando mpaka wakati wa vivuli. Tumbo likapanda kuelekea nyonga badala ya kwenda sambamba na mgongo. Hilo peke yake lilimwondolea mbwa nusu ya umeza wake.

Alipokwama kwenye miguu ya nyuma, nilimwambia auache mguu wenyewe achore uwazi ulio kati ya mguu na mguu. Jicho likiangalia uwazi halina mazoea ya kulidanganya. Kisha tukaipindua karatasi juu chini, na kasoro zikajitokeza zenyewe: kichwa kilikuwa kikubwa mno, shingo karibu haipo. Alivirekebisha bila mimi kusema neno.

Jicho tulilikawiza makusudi. Kwenye mchoro wake wa kwanza mbwa alikuwa na weupe pande zote za mboni, akaonekana kama amesikia habari mbaya. Weupe wa jicho la mbwa mara nyingi umefichwa na kope. Unaona kahawia au weusi, ukingo mweusi wa kope, na nukta moja ya mwanga. Hiyo nukta usiipake kitu, iache iwe karatasi tupu. Alipoiacha, mbwa akaanza kumtazama mtu. Hapo hata mimi nilinyamaza kidogo.

Manyoya yalikuja mwisho, tena machache: kwenye ukingo wa shingo, nyuma ya mapaja, chini ya mkia, na popote penye kivuli. Yanaelekea kutoka puani kurudi nyuma. Mengine msomaji wa picha atayajaza mwenyewe. Kijana hakuridhika, anaona nimemnyima sehemu tamu, na huenda kesho nikimpa kisogo atayarudisha yote.

Leo ameamka akitaka mbwa aliyekaa. Hapo hesabu inageuka, maana kisigino kinashuka mpaka chini, goti linapanda mbele, na paja linaziba nusu ya vitu. Amenipa mpaka jioni nimtafutie picha iliyopigwa kwa ubavu.