Sifuri si shimo

Harusi ya Zuhura imepita salama, idara yetu imehamia jengo jipya, lakini wiki nzima kichwani mwangu yamekaa maneno ya Mama Mdogo tu, aliyoyasema Jumapili akichambua mchele.

"Sasa hilo shimo jeusi dogo kuliko yote lina uzito gani?"

"Sifuri, Mama Mdogo."

"Sifuri si shimo, mwanangu."

Akatoa kijiwe, akakitupa, akaendelea na ungo wake. Mnamjua, hesabu amefundisha mpaka kustaafu, jibu la haraka halimpiti.

Nilikuwa namweleza wimbi la uga skala (uga wenye namba moja tu kila mahali, bila mwelekeo) usio na tungamo, yaani masi, linaloporomoka kuelekea kitovu kwa uzito wake lenyewe. Unaanza na umbo la kengele, φ = p·exp(−(r−r₀)²/δ²), ambapo φ ni uga, r ni umbali kutoka kitovuni, r₀ na δ ni mahali na upana wa kengele, na p ni kimo chake, kisha unabadilisha p peke yake. p ikiwa ndogo, wimbi linapita kitovuni na kutawanyika, panabaki patupu. Ikiwa kubwa, shimo jeusi linazaliwa. Kati yake kuna kizingiti, p*. Mwaka 1993 mwanafizikia Matthew Choptuik alionyesha kwamba juu kidogo ya p* tungamo la shimo hufuata (p − p*) kwa kipeo cha 0.374 hivi, hata umbo la kuanzia likiwa jingine kabisa. Karibia kizingiti mara kumi, tungamo linapungua mara 2.4, karibia mara milioni, linapungua mara 175 hivi. Ngazi ya mwisho haipo. Ndiyo maana "sifuri" ilinitoka upesi.

Sifuri si shimo. Jumatatu nimeyasikia kwenye daladala, Jumanne katikati ya kikao.

Jumatano usiku nikarudi kwenye programu yangu ya kuiga wimbi hilo, na uchungu ukaniisha. Mama Mdogo alisema kweli kuliko mimi. Pale p* penyewe hakuna upeo wa matukio, yaani mpaka wa shimo ambao hata mwanga hautoki. Wimbi linajirudia kwa mwangwi, kila mwangwi mdogo mara 31 kuliko uliotangulia, mpaka mkunjo wa anga unakua bila kikomo, na hakuna upeo wa kuuficha. Hiyo ni singulariti uchi. Kwa ajili ya jambo hili mwanafizikia Stephen Hawking alikubali mwaka 1997 kwamba ameshindwa dau lake na wenzake Thorne na Preskill, alilosema kuwa singulariti uchi haiwezekani, akaweka dau jipya lenye masharti makali zaidi, kwa kuwa p* sharti ilengwe barabara. Ukikosea kidogo tu, wimbi linatawanyika au linafunikwa na upeo.

Kwa wanaojaribu wenyewe: shikeni p mbili, moja inayotawanyika na moja inayoporomoka, mjaribu ya katikati, kisha mrudie. Mizunguko kama 50 inamaliza tarakimu 15 za kompyuta, na hapo mtakuwa mmeona mwangwi usiofika mara nne. Gridi (pointi ambapo kompyuta inakokotoa wimbi) ya nafasi sawa haifiki huko, maana baada ya mwangwi wa tatu umbo limeshasinyaa karibu mara 30,000. Lazima gridi ijigawe yenyewe pale panapobana. Shimo mtalitambua 2m/r inapokaribia 1 (m ni tungamo lililo ndani ya umbali r). Karibu na kitovu, kwenye mlinganyo wa Π (kipimo cha kasi ya uga kubadilika kwa wakati), msigawe kwa r²; chukueni badiliko kwa kufuata r³, mzidishe kwa 3, la sivyo kosa dogo la r = 0 linavimba na kuharibu kila kitu.

Kosa lililonila siku mbili ni hili: p* ya gridi moja haifai kwenye gridi nyingine. Niliongeza pointi, nikaacha p* ya zamani, na mstari wa tungamo dhidi ya p − p*, logi kwa logi, ukapinda mwishoni. Nikadhani kipeo kimekosewa. Nilipoitafuta p* upya, mstari ulinyooka, na juu yake kukabaki kimawimbi kidogo kinachojirudia kila 4.6 ya ln(p − p*). Hicho msikifute. Ni alama ya mwangwi ule ule, nami nilikitazama muda mrefu kwa furaha.

Nitampelekea Mama Mdogo mchoro huo Jumapili, nimwambie alikuwa na haki. Nitauchapa mkubwa. Nikikumbuka vizuri, kile kijiwe alikitafuta kwa vidole kwanza, ungo ameuinua hadi karibu na pua, na miwani alikuwa ameivaa.