Siku moja maishani mwangu: tarehe 20, ritani na CPA

Saa 10:15 alfajiri. Simu inatetemeka chini ya mto. Siweki mlio, maana mwanangu analala ubavuni kwangu na akishaamka huyo, kusoma kumekwisha. Najichomoa kitandani kama mwizi, naenda jikoni. Jiko ndilo chuo changu: meza ya plastiki, kikokotoo, chupa ya chai na rundo la mitihani ya nyuma. Nasomea CPA, cheti cha mhasibu kamili, na bodi ya wahasibu inatahini mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mei nilifeli somo moja, kwa hiyo Novemba hii sina utani nayo.

Leo nina swali la mtiririko wa fedha. Anza na faida, rudisha uchakavu kwa kuwa hakuna hela iliyotoka mfukoni, kisha toa kilichoongezeka stoo na kwa wadaiwa. Midomo inanong'ona Kiswahili, mkono unaandika Kiingereza, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Nikipiga hesabu ya mwisho, haifungi. Kumepambazuka na haifungi.

Saa 11:30. Maji ya mtoto, sare, uji. Anauliza kama leo nitarudi kabla hajalala. Namwambia aniombee foleni iwe fupi. Baba yake ni dereva wa lori, jana alikuwa Makambako akielekea Tunduma, kwa hiyo nyumbani tupo watatu: mimi, mtoto na wifi yangu. Wifi ni msusi. Ndiye anayempeleka mtoto shule, na ndiye anayempokea.

Saa 12:20 asubuhi. Kimara Mwisho kuna siri moja: ukikubali kuachia gari moja au mawili ya mwendokasi, unapata siti. Watu wananishangaa nasimama pembeni huku gari la Gerezani linajaa na kuondoka. Siti kwangu ni nusu saa na ushee ya kusoma, siitupi. Leo nimeipata ya dirishani, nikafungua daftari. Tulipofika Shekilango akapanda mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Nikajifanya sijamwona kituo kimoja. Kituo cha pili dhamira ikanishinda, nikasimama, na somo likaishia Urafiki.

Saa 2:00. Duka letu linauza vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, misumari. Mimi ndiye mhasibu, ndiye keshia keshia akiumwa, na ndiye ninayeulizwa intaneti ikikata. Kazi ya kwanza ni kulinganisha ripoti Z, yaani jumla ya mauzo ya siku kutoka mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na daftari la mauzo la jana. Ripoti inazidi daftari kwa shilingi 27,000. Keshia anaanza kutetemeka, binti wa watu, anadhani atakatwa mshahara. Nikaigawa ile tofauti kwa 9: 3,000 kamili. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, mara nyingi kuna mtu kageuza tarakimu mahali. Nikashuka na kidole kwenye daftari hadi nikaikuta: risiti ya 174,000 imeandikwa 147,000. Keshia akapumua. Mimi nikasimama na kidole palepale, maana nimekumbuka swali la alfajiri. Lile nalo lilikosa 5,400.

Saa 4:00. Chai na chapati mbili, wima.

Saa 5:00 naingia stoo kuhesabu mifuko, na hapa ndipo napenda kukaa. Mzee wa stoo hajasoma uhasibu hata siku moja, ila mifuko yake ya saruji ina mistari ya chaki ukutani: mzigo wa tarehe hii huku, wa tarehe ile kule, na mbebaji akichomoa mfuko mpya kabla ya wa zamani anafokewa mpaka mtaa wa pili. "Saruji haina subira, dada mhasibu," aliniambia nilipoanza kazi. "Ukiiacha ikae inageuka jiwe." Mwalimu wetu alipofundisha kiwango cha uhasibu namba 2, kile cha bidhaa zilizo ghalani, kwamba unaweza kutumia ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, au wastani, lakini ya mwisho kuingia kutoka kwanza imepigwa marufuku, wenzangu walikuwa wanakariri. Mimi nilikuwa naiona chaki.

Leo amenionyesha mifuko 14 pembeni ya ukuta uliovuja. Nikaibonyeza kwa kiganja: tisa migumu, mitano bado inakubali. Kile kiwango kinataka mzigo uandikwe kwa gharama au kwa bei utakayoipata ukitoa gharama za kuuzia, yoyote iliyo ndogo. Bei ya jiwe la kilo 50 ni ngapi? Nikaandika hasara ya mifuko tisa. Bosi atanuna.

Saa 7:00 mchana. Wali maharage wa mama ntilie. Sahani mkono huu, karatasi mkono huu. Nikaitafuta ile 5,400 na kuikuta: nimesoma 18,600 nikaandika 13,200. Kumbe si kugeuza tarakimu, ni uvivu wa macho tu, na 5,400 inagawanyika kwa 9 kwa bahati. Nikalaza kichwa mezani dakika kumi. Wanaofundisha kupanga muda hawazungumzii usingizi. Ratiba ninayo, nzuri, ya rangi tatu, iko ukutani jikoni. Ninachokosa ni kichwa cha kuitumia saa 2 usiku.

Saa 8:30. Leo ni tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka ritani, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ya Septemba. Mauzo pamoja na kodi ni milioni 59. Gawa kwa 118, zidisha kwa 18: milioni 9. Manunuzi, milioni 47.2, yana kodi ya milioni 7.2 ndani yake, naitoa. Tunadaiwa milioni 1.8. Bosi anasimama nyuma ya kiti changu.

"Hebu ipunguze kidogo, mwanangu."

"Bosi, nipe risiti ya EFD yenye jina letu, naipunguza sasa hivi."

Akaniletea karatasi ya kuandikwa kwa mkono aliyopewa na aliyemuuzia misumari. Nikamrudishia. Akacheka, nami nikacheka, ila saa zilikuwa zinakwenda. Ritani ilitoka saa 10:50, kontro namba ya kulipia ikatoka, bosi akalipa kwa simu huku akiguna. Ile habari ya mifuko tisa nimeiweka ya kesho.

Saa 11:20 jioni. Kwa miguu, haraka, hadi nyuma ya Mnazi Mmoja, ghorofa ya tatu. Darasani kila mtu ana tai iliyolegea au viatu vya akiba kwenye mfuko. Leo ni IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha mikataba ya kukodisha. Mwalimu anasema ukikodi jengo kwa miaka mitano unaandika deni, na upande wa pili unaandika haki ya kutumia kama mali. Nikanyoosha mkono: na kilemba je, ile hela ya kumtoa mpangaji aliyepo? Darasa zima likacheka, kwa sababu robo tatu yetu tunafanya kazi Kariakoo na kila mmoja anaijua fremu ya duka iliyochukuliwa kwa kilemba. Mwalimu hakucheka. Akasema ukimlipa mpangaji aliyekuwepo ili akuachie, hiyo ni gharama ya moja kwa moja ya kuupata mkataba, inaingia kwenye thamani ya ile haki ya kutumia. Mkataba wa miezi 12 au pungufu, usio na kipengele cha kununua, unaruhusiwa kuuacha nje na kuandika kodi ya pango kama matumizi. "Hapo bosi wangu kapona," akasema jamaa wa nyuma. Kwa dakika hizo kumi sikuwa na usingizi kabisa.

Saa 2:15 usiku. Mwendokasi, kusimama, kwapa la mtu usoni.

Saa 3:40. Mtoto kalala. Wifi amekaa sebuleni na kitana mkononi, wateja wake wameshaondoka, au hawakuja. Huwa sijui namna ya kuuliza. Wateja wake wazuri huja jioni, wakitoka kazini, saa zilezile anazompikia na kumwogesha mwanangu. Ananiwekea ugali na dagaa, halafu anasema kama anayezungumza na kitana:

"Ijumaa kuna bi harusi Ubungo. Na wapambe wake sita. Wanataka nianze saa kumi jioni."

Ijumaa ni hesabu za kundi la kampuni, mada iliyoniangusha Mei.

"Nenda wifi," nikamwambia. "Ijumaa nitakuwepo."

Alinitazama kuona kama ni kweli. Nikaenda jikoni, nikakata Ijumaa kwenye ratiba kwa ile kalamu nyekundu, nikamtumia ujumbe jamaa wa nyuma anirekodie kipindi. Akajibu palepale: sawa, ila nimpe madondoo ya mtiririko wa fedha.