Siku Moja Maishani Mwangu: Ijumaa ya Mwisho wa Mwezi, Malindi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sijanywa hata maji, nafungua laptopu kupokea zamu kutoka kwa wenzangu waliokesha Nairobi. Mimi ni mchambuzi mwandamizi wa usalama wa mtandao katika benki. Makao makuu yako huko, lakini mimi nafanyia kazi Malindi, siku nyingine nyumbani, siku nyingine chumba cha nyuma cha tawi letu la mjini. Mtaani wananiita "yule dada wa kompyuta", na mara kwa mara mtu huniletea simu iliyopasuka kioo. Sikatai kuitazama, ila kazi yangu si hiyo. Kazi yangu ni kusoma nyayo: nani ameingia kwenye mfumo, saa ngapi, kutoka wapi, na akafanya nini humo ndani.

Kengele za usiku, yaani tahadhari ambazo mfumo hututumia, ni nyingi na karibu zote ni za bure. Moja inanisimamisha: mfanyakazi wetu ameingia kwenye barua pepe yake saa tisa usiku akiwa Jidda. Nimesikia kwamba amekwenda Umra, lakini kusikia hakutoshi. Naangalia ruhusa yake ya likizo, naangalia kama simu aliyoingilia ndiyo aliyoisajili, kisha nampigia kwa nambari iliyo kwenye faili lake. Ni yeye. Naandika sababu, nafunga. Sehemu kubwa ya kazi hii ndiyo hiyo, kuhakikisha jambo ambalo hakuna mtu atakayejua kwamba lilihakikishwa.

Saa moja na nusu mahamri na mbaazi, tuktuk mpaka mjini. Saa mbili mkutano, saa tatu kufuatilia seva ambazo hazijawekewa masahihisho mapya. Hayo yanakwenda.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huwa sikai vizuri kitini. Mishahara inaingia, foleni inafika mlangoni, kila mtu ana haraka, na wikendi iko mbele. Wezi wanaisoma kalenda. Waliovamia Benki Kuu ya Bangladesh mwaka 2016 walituma maagizo yao usiku wa Alhamisi, tarehe 4 Februari, kwa sababu Ijumaa huko ni mapumziko. New York, zilikowekwa fedha hizo, nao wakaingia wikendi yao, na Jumatatu Manila, zilikopelekwa, ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Dola milioni 81 zikapita humo. Printa iliyopaswa kutoa karatasi za miamala ilinyamaza, watu wakadhani ni ubovu wa kawaida. Ndiyo maana hapa tawini printa ikikwama Ijumaa, nainuka kwenda kuitazama mwenyewe.

Saa nne kasoro, meneja wa tawi anabisha mlango. Kwa kawaida mchambuzi haonani na wateja, lakini mimi niko papa hapa, na mteja mwenyewe anapiga meza.

Ni mzee wa biashara ya samaki. (Mengi ya kumtambulisha nimeyaondoa, na kiasi cha fedha si changu kukitaja.) Anataka kulipa kampuni ya Italia inayomuuzia mashine ya barafu, na malipo yake yamezuiwa tangu jana jioni. Aliyeyazuia ni mimi. Jina la mpokeaji ni lilelile la malipo ya kwanza, lakini akaunti ya zamani ilianza na herufi IT, yaani Italia, na hii mpya, aliyotumiwa kwa barua pepe, inaanza na PT, yaani Ureno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, mimi naweka pesa hapa tangu wewe hujazaliwa. Hizi pesa ni zangu au ni za benki?"

"Ni zako, mzee. Ndiyo maana nimezisimamisha."

"Nipigie mkubwa wako wa Nairobi."

"Mkubwa wa zamu ya leo ni mimi, baba."

Hakupenda. Alisema benki inamwaibisha kwa Wataliano, kwamba barua pepe hiyo inasema asipolipa kabla ya saa nane mashine inauzwa kwa mtu mwingine, kwamba ana swala ya Ijumaa na hawezi kukaa hapa kubishana na watoto. Nikamwacha amalize. Mtu mwenye hofu ya hasara ukimkatiza, hakusikii tena. Kisha nikamwomba jambo moja: ile ankara ya kwanza ya karatasi, yenye nambari ya simu ya kampuni. Akasema nambari si iko kwenye barua pepe? Nikamwambia hiyo ndiyo nambari nisiyoitaka.

Karani wake, ambaye pia ni mpwawe, akapanda bodaboda kwenda kuleta faili. Tukasubiri, mzee akiangalia saa yake ya mkono na mimi nikimtolea maji. Kengele nyingine zikawa zinaingia kwenye skrini yangu, nikazigawa kwa wenzangu, nikabaki naye.

Faili lilipofika niliziweka anwani mbili za barua pepe mezani, ya zamani na ya juzi, nikazikuza hadi herufi zikawa kubwa kama kidole. Katika jina la kampuni kulikuwa na "m". Katika anwani ya juzi hapakuwa na "m". Palikuwa na "r" na "n" zilizobanana. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Mzee alivaa miwani, akavua, akaivaa tena. Hakusema kitu.

Kisha akapiga simu Italia kwa ile nambari ya karatasi, na hapo Malindi, mji wenye Wataliano wengi, ikanisaidia, maana mzee anazungumza Kitaliano kama wenyewe. Sikuyafuata yote, lakini nilimwona akikaa chini polepole. Kampuni haikubadilisha akaunti. Tena walikuwa wamemwandikia mara mbili kuuliza mbona kimya.

Hizo barua mbili zilikuwa wapi? Barua pepe ni ya mzee, si ya benki, kwa hiyo karani ndiye aliyebonyeza na mimi nikaelekeza kwa mdomo tu. Ndani ya mipangilio tulikuta kanuni ambayo hakuna aliyeiweka: kila barua kutoka kampuni halisi ihamishwe kwenye folda isiyofunguliwa na mtu, ihesabiwe imesomwa. Mwizi alikuwa amekaa humo anasoma mazungumzo yao, akingoja siku ya malipo. Karani akabadilisha nenosiri, akawasha uthibitisho wa hatua mbili, akafuta kanuni ile baada ya kuipiga picha kwa ushahidi.

Mzee akaenda msikitini. Mimi kazi yangu ndipo ilipoanza.

Je, anwani hiyo bandia imewaandikia wateja wengine? Imewaandikia wafanyakazi wetu? Mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya wa 2017 unatutaka turipoti tukio zito ndani ya saa 24, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data taarifa za watu zikivuja kwa namna ya kuwadhuru. Huwezi kusema "halikutugusa" kwa kubahatisha. Nikaizuia anwani kwenye mifumo yetu yote, nikapekua logi, yaani kumbukumbu za mfumo, za wiki nyingi nyuma, mstari kwa mstari. Stima ikapotea katikati, jenereta ikanguruma, feni haikurudi. Sikumbuki nilikula nini wala saa ngapi. Keshia mmoja akaja na ujumbe wa "umetumiwa pesa kimakosa, tafadhali rudisha", nikamwambia autume 333, nambari ya Safaricom ya kuripoti utapeli, asimjibu mtu. Macho yalikuwa yanachoma, shingo imekakamaa. Benki ilikuwa salama, na safari hii niliweza kulisema hilo nikiwa na ushahidi mkononi. Nilijivunia, nasema wazi.

Giza lilikuwa limeshaingia nilipokabidhi zamu. Niko kwenye tuktuk, simu inaita. Ni mzee, amepata nambari yangu ya kazi kwa meneja. Wataliano wamemtumia ankara sahihi na wamemsomea akaunti kwa simu, herufi kwa herufi. Je, nimlipie usiku huu huu?

"Jumatatu, mzee. Na mje nyote wawili wenye sahihi za akaunti."

"Jumatatu tena!"

"Jumatatu, baba. Na ile ankara ya karatasi uje nayo."

Akaguna, akasema atakuwa mlangoni kabla hatujafungua.