Hedseti isiyo na waya kwa ajili ya simu: ninavyoichagua na ninavyoitumia

Mtu akiniuliza achukue hedseti gani ya kupigia simu, kwanza namuuliza ataongea akiwa wapi. Hedseti nyingi husifiwa kwa besi, na kwenye simu besi haina kazi. Tena anayepata tabu hedseti ikiwa mbovu si wewe uliyeivaa, ni yule uliyempigia: wewe unamsikia vizuri, yeye anasikia mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa. Kwa hiyo mimi huanza na maiki, kisha inavyokaa sikioni, kisha betri. Muziki unakuja mwisho.

Angalia maiki iko wapi. Sauti ya mdomo hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka mara mbili, ila kelele ya barabara au ya wenzako ofisini haipungui, maana imekuzunguka pande zote. Hedseti yenye mkono wa maiki huusogelea mdomo hadi sentimita chache tu. Visikizi vidogo vya kuchomeka masikioni vina maiki iliyo sentimita 10 au zaidi kutoka mdomoni, na pengo hilo linafidiwa na programu inayokisia ipi ni sauti yako na ipi ni kelele. Penye utulivu inakisia vizuri. Penye vurugu inakosea, na ikikosea hukata mwanzo wa maneno au huyameza kabisa. Anayeongea na wateja kutwa namshauri achukue yenye mkono, ya sikio moja au ya utepe wa kichwani, hata kama haipendezi machoni. Vidogo vinamtosha mwenye simu fupi fupi anayetaka kifaa kimoja cha simu na muziki. Zipo pia zinazopitisha sauti kwenye mfupa, mbele ya sikio. Hizo huacha sikio wazi, jambo zuri kwa anayetembea barabarani, lakini penye kelele utakuwa unamwambia mwenzako arudie kila saa.

Watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia kwenye neno "kuondoa kelele". Boksi likiandikwa ANC, ujue hiyo ni kwa ajili ya masikio yako: inapunguza kelele unayoisikia wewe. Kwa anayekusikiliza inayohusika ni ENC, inayosafisha sauti ya maiki kabla haijatumwa. Kisikizi kinaweza kuwa na ANC nzuri sana na bado kikakufanya usisikike. Ukiona ANC imetajwa na habari za maiki hazimo, hiyo ni ya muziki.

Namba ya toleo la Bluetooth, 5.0, 5.3 na kuendelea, huandikwa kubwa, lakini kuhusu ubora wa simu haikuambii mengi. Kwenye hedseti nyingi simu bado hupita kwenye utaratibu uitwao HFP, na muziki kwenye A2DP. Kodeki, yaani njia ya kubana sauti ili ipite hewani, yenye jina la kifahari kama LDAC ni ya A2DP. Simu ikiingia inawekwa kando. Ndiyo maana muziki uliokuwa mtamu husikika mwembamba ghafla maiki inapowashwa. Wala si ubovu.

Unachotakiwa kutafuta ni kodeki ya HFP. Ya zamani ni CVSD, inayochukua sampuli 8,000 kwa sekunde, hivyo kilicho juu ya hezi 3,400 hivi hakipiti. mSBC, iliyokuja na HFP 1.6 mwaka 2011, huchukua sampuli 16,000 na kufika karibu hezi 7,000. HFP 1.9 imeongeza LC3 ya sampuli 32,000, ila simu na hedseti lazima zote ziwe nayo. Tofauti utaisikia kwenye s na f, ambazo sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya kile kikomo cha CVSD. Kwenye sauti finyu mtu akitaja kiasi cha fedha lazima aulizwe: sitini au tisini? Mtandao nao uwe unaruhusu. Simu ya 2G kwa kawaida ni finyu tangu huko inakotoka, kwa hiyo hedseti nzuri haitaipanua. Ya VoLTE, yaani inayopita kwenye mtandao wa 4G, huwa pana kama pande zote mbili zinaikubali. Karatasi ya maelezo ikiandika "wideband" au mSBC, kwangu inatosha. Isipoandika chochote kuhusu simu, naiacha.

Kabla ya kulipa, au ndani ya muda wa kurudisha, ijaribu kwa simu ya kweli. Mpe mtu simu ya pili akae chumba kingine, mlango ukiwa umefungwa, na kalamu mkononi. Msomee namba zilizochanganywa: kumi na sita, sitini, tisini, saba, sabini, kumi na saba. Aandike anachosikia bila kuuliza. Soma mara ya kwanza penye utulivu, mara ya pili ukiwa kando ya feni au bomba linalotiririka, mara ya tatu ukitembea nje kwenye upepo. Kisha linganisha karatasi zenu. Hedseti ikishindwa kwenye feni, hata barabarani itashindwa. Usiijaribu kwa programu ya kurekodi, kwa sababu nyingi hutumia maiki ya simu yenyewe hata hedseti ikiwa imeunganishwa, nawe utadhani umepata maiki ya ajabu. Wala usiipime kwa muziki. Muziki huwekewa akiba ya sehemu ya sekunde kabla haujachezwa, hivyo mawimbi yakikatika kidogo hutambui. Mazungumzo hayasubiri: kipande kilichopotea kimepotea, na hedseti isiyokwama hata mara moja kwenye muziki inaweza kukatika-katika kwenye simu.

Kuoanisha ni kazi ndogo. Ichaji ijae, kisha shikilia kitufe kama sekunde 5 hadi 7, hadi taa imeke kwa kupokezana rangi, mara nyingi nyekundu na buluu. Kwa vile vya kwenye kikasha, mara nyingi unafungua kifuniko na kushika kitufe cha kikasha. Chagua jina lake kwenye orodha ya Bluetooth ya simu. Za zamani zikidai namba ya siri, jaribu 0000. Simu itauliza kama iipe hedseti anwani zako na rekodi ya simu. Ukikataa, simu zitaendelea kupigika. Utakachokosa ni kutajiwa jina la anayepiga. Mimi hukataa kwenye kifaa ninachoazima au kugawana na mtu.

Baada ya hapo fungua mipangilio ya kifaa hicho. Kwenye Android utakuta swichi mbili, ya simu na ya sauti ya muziki. Hedseti inayocheza muziki huku maongezi yakibaki kwenye simu yenyewe, tisa kwa kumi ni swichi ya simu iliyozimwa. Na kama simu za kawaida zinakwenda ila za WhatsApp zinagoma, angalia ruhusa za programu hiyo. Tangu Android 12, programu huhitaji ruhusa ya vifaa vilivyo karibu ili itumie Bluetooth.

Sauti ya simu huongezwa wakati simu inaendelea. Ukibonyeza kabla, unaongeza mlio au muziki. HFP ina ngazi 0 hadi 15, na hedseti hukumbuka ya simu peke yake, kwa hiyo piga simu yoyote, panga, kisha sahau.

Mkono wa maiki uwe kwenye pembe ya mdomo, upana wa vidole viwili kutoka shavuni. Usiuweke mbele ya mdomo: pumzi ya p na b itapiga maiki na mwenzako atasikia milipuko. Upepo ukiwepo, kipande cha sponji juu ya maiki kinasaidia kuliko programu yoyote. Kwa visikizi vya kuchomeka, jambo kubwa ni vimpira vya silikoni. Ukubwa unaokufaa unaujua ukiongea, si ukikaa kimya, kwa sababu taya ikicheza tundu la sikio hubadilika umbo. Vaa, sema maneno marefu kwa dakika nzima, kisha tikisa kichwa. Kikilegea, panda saizi moja. Sikio la kulia na la kushoto si lazima yalingane. Kimpira kinachoziba vizuri kinakuruhusu kupunguza sauti, na hapo unalinda masikio: kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Sikio likizibwa hujisikii, na usipojisikia unapaza sauti bila kujua. Zipo hedseti zinazokurudishia sauti yako kidogo sikioni. Kama yako haina, acha sikio moja wazi. Visikizi viwili pia vinaweza kutumika kimoja kimoja: kimoja kinaongea, kingine kinachaji, na siku inaisha bila kuishiwa.

Kukatika kwa sauti, mara nyingi mkosaji ni mwili wako. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na maji hunyonya mawimbi hayo. Mwili umejaa maji. Hedseti ikiwa sikio la kulia na simu mfuko wa nyuma wa kushoto, mawimbi hulazimika kukuzunguka. Hamishia simu mfuko wa upande wa maiki, au wa kifuani, kabla hujalaumu kifaa. Wifi ya gigahezi 2.4 na tanuri la mikrowevu nazo huingilia. Bluetooth hurukaruka kwenye njia 79, mara 1,600 kwa sekunde, ili kukwepa msongamano, lakini njia zikijaa pa kukimbilia hapana. Hamishia wifi ya simu kwenye gigahezi 5, utaona tofauti.

Malalamiko ya mwenzako nayo yanaonyesha kasoro ilipo. Akisema anajisikia mwenyewe, sauti ya spika yako inaingia kwenye maiki yako, basi ipunguze. Akisema uko mbali, tundu la maiki limeziba, au simu imeshika maiki yake badala ya ya hedseti. Gusa alama ya spika kwenye skrini uchague upya. Akisema mwanzo wa maneno unakatika, ni ile programu ya kuchuja kelele; ongea mfululizo bila kunong'ona.

Kitufe: bonyeza mara moja kupokea, shikilia kukataa. Kubonyeza mara mbili, kwenye nyingi, hupiga namba ya mwisho. Ndiyo chanzo cha simu za usiku kwa bosi kutoka kwenye hedseti iliyotupwa mkobani ikiwa imewashwa. Izime, au irudishe kikashani. Zinazoshika simu mbili kwa pamoja ni nzuri kwa mwenye laini za kazi na za nyumbani, ila mlio mdogo wa kifaa cha pili unaweza kunyakua sauti katikati ya mazungumzo. Zima sauti za taarifa kwenye kile usichopigia.

Saa za betri zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za muziki. Soma za maongezi. Ni chache zaidi, kwa kuwa maiki na uchujaji wa kelele hula umeme na data huenda pande zote mbili. Usiiache kwenye gari juani, na ukiiweka kabatini muda mrefu iache na chaji ya nusu. IPX4 maana yake inavumilia matone na jasho, si kuzamishwa.

Kisikizi kimoja kikizimika, anza na zile nukta za kuchajia: jasho na nta ya sikio huzitia ukungu, chaji haipiti. Futa kwa pamba yenye tone la spiriti, nukta za kisikizi na za kikasha pia, zikauke, kisha rudisha vyote viwili ndani. Wavu wa spika usafishe kwa brashi kavu, uso wake ukitazama chini ili uchafu uanguke. Kikichaji lakini hakitoi sauti, futa jina la kifaa kwenye simu, kirudishe kwenye hali ya kiwandani kwa kushikilia kitufe kama kijitabu kinavyoelekeza, uoanishe upya. Ganda likianza kuachana, betri imevimba. Usiichaji tena, ipeleke kwenye taka za kielektroniki.