Siku arosto ilipomrudia mdogo wangu na unga hajaugusa

Masika ya mwaka ule barabara ya Pangani ilikuwa matope matupu, lami ilikuwa haijafika kwetu, haisi ya alfajiri ikikwama tu basi na mgonjwa dozi imemchelewa. Kijiji chetu kiko mbele ya Tongoni, ukitoka Tanga mjini bahari unaiacha kushoto na mashamba ya mkonge kulia. Mdogo wangu alikuwa anatoka pale kila siku, ijumaa, jumapili, hata siku ya Idi, anaenda hospitali ya Bombo mjini Tanga kunywa methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga, yani heroini, ili arosto, yale mateso ya mwili ukiudai unga, isimrudie, mana dawa ile alikuwa hapewi akaondoka nayo, anakunywa mbele ya sista, anaongea naye neno mbili tatu ili aone kweli kameza, ndo anaenda zake. Dawa yenyewe ni bure. Njia ndo inayokula pesa. Nauli ilikuwa inatoka kwenye vitumbua vya mama na kwenye cherehani yangu, na hili watu hawalijui wanapokwambia "si mumpeleke tu hospitali", kumpeleka mara moja kila mtu anaweza, sasa mpeleke kila siku iendayo kwa Mungu uone.

Unga aliuanzia mjini akifanya vibarua vya kupakua samaki, kwanza kokteli, yani bangi na unga na tumbaku kwenye msokoto mmoja, baadae sindano. Aliporudi nyumbani tukahangaika nae kila tulipoelekezwa, kasomewa, kazinguliwa, mjomba akamfungia chumbani mpaka kijana akavunja dirisha akatoka usiku. Nani pale kijijini angetuambia kuna dawa? Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, miaka mingi ikawa ni mambo ya Dar tu, mtu wa huku ukiitaka uhamie Dar na huko huna ndugu. Hata ilipofika Bombo sisi hatukusikia. Alietuambia ni kijana mmoja mwelimisha rika, mwenyewe alishapitia huko huko kwenye unga, alikuja na wenzake kuzungukia maskani za pwani akamkuta mdogo wangu amelala chini ya ngalawa. Yule kijana ndo alietushika mkono, akaja mpaka nyumbani akakaa na mama kwenye mkeka, akatueleza, akampeleka akapimwa mkojo, akahudhuria ushauri, akafunguliwa faili. Wakamuanzisha kidogo kidogo, siku ya kwanza hawazidishi miligramu 30, kisha wanapandisha taratibu mpaka mwili utulie. Ukatulia. Akawa anakula, anaoga, jioni anashuka na mjomba kutega nyavu, na mjomba akaanza tena kumwita mwanangu mbele za watu.

Sasa kikaja kikohozi. Kule Bombo wakimuuliza unakohoa anasema hapana, aliogopa wataambiana ana kifua atengwe na wenzake pale kwenye foleni. Mama ndo akamburuta zahanati moja ya karibu, makohozi yakapimwa, TB. Akaanzishwa dozi pale pale. Walimuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia, akakaa kimya, mana aibu ya unga kijijini haiishi hata ukiacha, jina la teja linabaki kwako kama alama ya chanjo, na pale zahanati kuna jamaa wa huku huku wanamjua yeye na ukoo wake wote. Kwa hiyo zahanati wakajua TB hawajui methadoni, Bombo wakajua methadoni hawajui TB, na kati ya hapo ni kilomita nyingi za matope.

Siku za mwanzo alikuwa sawa. Wiki ya pili ndo nikaanza kumsikia usiku, miayo, miayo isiyoisha, nikadhani usingizi. Kisha kamasi, machozi, jasho shuka zima limeloa na nje kuna baridi ya mvua, anajikunja anashika tumbo, mara anakimbilia chooni. Mtu aliewahi kuishi na teja hahitaji kuambiwa ile ni nini. Mama alisimama mlangoni na kibatari akamwangalia, hakusema neno, akakaa chini.

Alfajiri mjomba akaja, kuna mtu alishampelekea habari. Akasimama uani akasema kwa sauti ya juu majirani wote wasikie, "Mimi nilisema, huyu karudi kule kule, nauli mnampa anakwenda kununulia kete za unga!" Mdogo wangu akatoka amejifunga shuka anatetemeka, akasema, "Mjomba wallahi sijagusa kitu. Dada, naapa kwa Mungu, sijagusa." Akanishika mkono, mkono wake wa baridi na umelowa. Nilimwamini. Sikuwa na ushahidi wowote ila namjua tangu nikimbeba mgongoni, akisema uongo anakuangalia usoni kwa nguvu kupita kiasi, na siku ile alikuwa anaangalia chini.

Tukiwa tunasubiri gari akaniambia kitu kilichonitia hofu kuliko ile arosto. Alisema dada nadhani ni hizi dawa za kifua, nataka niziache, na kama sio kuziacha itabidi nitafute kete moja tu nilale, siwezi usiku mwingine kama ule. Nikamwambia hutaacha na hutatafuta, tukafike kwanza. Haisi ilikwama karibu na Tongoni, abiria tukashuka tukasukuma, yeye hakuweza, alikaa pembeni ya njia anatapika na watu wanamwangalia vile vile wanavyowaangalia mateja. Kuna mama mmoja muuza machungwa alimpa maji kwenye kikombe chake mwenyewe, sijamsahau yule mama.

Bombo tulifika foleni imeshapungua. Nikamshikia mkono mpaka dirishani nikasema sista shikamoo, mdogo wangu ana arosto na dozi hajakosa hata siku moja. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Sista hakufoka. Alimtazama macho, mboni zimepanuka, akampa kikopo akachukue mkojo. Aliporudi nacho, kabla hata ya kuchovya kipimo, yule sista akakiinua kwenye mwanga wa dirisha akauliza, "We baba, unakunywa dawa za TB?"

Mkojo ulikuwa wa rangi ya chungwa.

Akachovya kipimo, unga hakuna. Naomba mnielewe nilivyojisikia pale, nililia mbele ya watu wote, nikampigia mama simu hapo hapo nikamwambia mama hakuna kitu kwenye mkojo, mpe simu mjomba nimwambie na yeye. Mjomba akasikiliza akasema haya, akanyamaza kidogo, akauliza, sasa ni nini?

Ni hivi, kama dokta alivyotueleza kwa utaratibu sana, akirudia mpaka tukaelewa. Kwenye dozi ya TB kuna dawa inaitwa rifampisini, ndo hiyo inayogeuza rangi ya mkojo. Ile dawa inalifanya ini lifanye kazi ya kuvunja dawa nyingine kwa kasi kuliko kawaida, na methadoni ni mojawapo. Methadoni ambayo inatakiwa imshike mtu mchana na usiku mzima mpaka kesho yake, ikawa inaisha mwilini mapema, ndo mana usiku arosto inaingia. Haianzi siku ya kwanza, ini linachukua siku kadhaa kushika kasi hiyo, kwa hiyo mtu anajiona yuko sawa kisha anashangaa. Dokta akasema wengi hapa ndo wanapotelea, anaacha TB inageuka kuwa sugu, au anarudi kwenye unga kujitibu mwenyewe, na nyumbani wote wanasema tulijua tu. Mdogo wangu aliinamisha kichwa mana yote mawili ndo aliyokuwa ameniambia kituoni.

Siku ile ile wakampandishia dozi, sio kwa mkupuo, kidogo, wakamwambia kila siku aseme ukweli usiku umekuwaje. Dokta akaandika barua kwa ajili ya zahanati ya kwetu, tukakubaliana vidonge vya TB vihamie Bombo awe anameza vyote pamoja mbele ya sista mmoja. Akamuuliza na kikohozi alikificha kwa nini, akamjibu, na dokta hakumgombeza, alimwambia tu hapa nusu ya watu unaowaona kwenye foleni wana lao.

Yule mwelimisha rika tulimkuta nje kwenye benchi. Alikaa na mdogo wangu muda mrefu, sikusikia walichoongea. Kisha akanifuata akaniambia dada masika haya njia ikifunga kabisa msisubiri, akikosa siku tatu mfululizo lazima apimwe upya na dozi ishushwe, mana mwili unapoteza mazoea na akipewa ile ile ya juu inaweza kumzimisha pumzi. Tukaamua palepale abaki mjini mpaka mvua zikate, kwa shangazi yetu Makorora, ambae mwanzoni alikuwa hamtaki ndani, nikaenda nikamweleza habari ya ini na rifampisini kama nilivyoelezwa, na barua ya dokta nikamwonesha. Akasoma yote. Akasema alete nguo zake.

Arosto haikuisha usiku mmoja, ilichukua kama wiki mbili za kupandisha mpaka akalala usiku kucha. Mjomba alikuja mjini kumwona na samaki wa kukaanga, hakuomba radhi kwa maneno, ila toka hapo nusu ya nauli alitoa yeye.

TB alimaliza miezi sita. Na hapo kukawa na kazi nyingine ambayo sisi tusingeijua kamwe, mana rifampisini ikishaachwa, ini linarudi polepole kwenye mwendo wake wa zamani, na ile dozi kubwa ya methadoni iliyokuwa inamtosha inakuwa nyingi kupita kiasi, mtu anaweza kusinzia asiamke. Sista alikuwa ameshaandika kwenye faili tangu mwanzo. Wakawa wanashusha kidogo kidogo, na shangazi nikampa kazi ya kumwamsha kila alfajiri na kunipigia.