Memori kadi ya kamera ndogo, angalia haya kabla hujanunua

Jamani kabla hujatoa hela fungua kwanza kitabu cha maelekezo cha kamera uone inakubali kadi gani, maana SD ya kawaida inaishia GB 2, SDHC inafika 32, juu ya hapo ni SDXC, na kamera ya zamani iliyotengenezewa SDHC unaweza kuiwekea SDXC ikagoma kabisa kuisoma.

Halafu spidi. Ile namba kubwa ya mbele mara nyingi ni spidi ya kusoma, tena ya juu kabisa, wakati kamera inachotaka ni kuandika, kwa hiyo tafuta alama ndogo, 10 ndani ya herufi C ina maana haishuki chini ya MB 10 kwa sekunde, kwa picha na video ya HD inatosha, ila kama unarekodi 4K chukua yenye alama ya V30, yaani haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde.

Mi naona bora kadi mbili za GB 32 kuliko moja ya 64, ikifa moja hujapoteza kila kitu. Na feki zipo nyingi sana aisee, zinaonyesha GB kubwa kumbe ndani hamna, ipime kwa H2testw, programu ya kompyuta ya kupima kadi, kabla hujaiamini na picha za harusi ya mtu, kisha iformati ndani ya kamera yenyewe.